Moto Umeleta Nini

Jumanne, 2 Julai

Leo nimepokea simu ya kwanza ya moto tangu mvua zikatike. Mwanamke wa duka la vitambaa alisema nyasi zinawaka nyuma ya kinu cha zamani, kisha akanigombeza kana kwamba mimi ndiye niliyeziwasha. Nikabonyeza king'ora, Zamu ya Pili wakatoka, wakarudi na masizi puani wakiulizia chai. Domo, askari wa zamu hiyo, ambaye hajawahi kupita mbele ya chumba changu cha simu akanyamaza, akaniambia walimkuta Baba kishafika, ana tawi bichi mkononi, anazipiga zile nyasi kama mtu anayefukuza nyuki.

"Mzee Bomba hajastaafu," alisema. "Ameacha kulipwa tu."

Nyumbani nilimkuta Baba bafuni anapiga mluzi. Sijamsikia akipiga mluzi tangu wampe lile blanketi.

Ijumaa, 5 Julai

Niandike habari ya blanketi, maana nikiisimulia watu wanacheka na mimi huwa nashindwa kucheka. Baba alistaafu mwaka jana baada ya kuzima moto maisha yake yote, na ofisi kuu ikamzawadia blanketi la sufu. Mtu aliyeishi kwenye joto. Domo alisema labda wana wasiwasi atashikwa na baridi akikaa mbali na kazi. Kweli baridi ilimshika. Mama alikufa zamani, mimi nilirudi hapa ndoa yangu ilipovunjika, na tangu aache kazi Baba alikuwa akishinda kwenye kiti cha barazani, buti zake zimepigwa rangi, hazina pa kwenda.

Wakati wa chakula aliniuliza kesho zamu ya nani. Nikamwambia Zamu ya Tatu. Huwa ananiuliza hivyo kila jioni, nami namjibu, kisha tunazungumza kidogo juu ya huyu na yule. Bila hayo tungesikia vijiko tu.

Jumatano, 10 Julai

Upepo na vumbi. Mtoto mmoja alipiga simu kuuliza kama tunaokoa paka. Nikamwambia tunaokoa.

Jumamosi, 13 Julai

Kibanda cha mlinzi kwenye kile kiwanja kisichojengwa kimeungua mchana kweupe. Hakikuwa na mlinzi wala kitu cha kulinda. Zamu ya Pili tena, na Baba tena, safari hii akiwazuia watoto wasisogee na kuwaonyesha akina Domo mahali pa kupitisha mpira wa maji. Jioni Kamanda alikuja nyumbani mwenyewe kumshukuru. Kamanda ni mwanafunzi wa Baba. Hata leo, akiwa na nyota zake begani, hakai mpaka Baba amwambie kaa.

Baba alikula sahani mbili. Nilifurahi, nakiri. Niliosha vyombo huku nikiwasikia wanacheka barazani, nikasema moyoni, afadhali kiangazi kimekuja.

Jumatatu, 22 Julai

Banda la kuku lisilo na kuku. Zamu ya Pili. Mtaani wanasema kuna mtu ana wazimu.

Alhamisi, 25 Julai

Ofisi kuu imetuletea mpelelezi wa moto, mwanamke wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Saa chache baada ya kufika alikuwa amepiga magoti kwenye majivu ya lile banda, anayachekecha kwa chungio la unga. Kabla ya jua kuzama Domo alishambatiza: Bi Majivu.

Amechagua kukaa chumbani kwangu kwa sababu ndicho chenye feni. Nilimuuliza, kwa kuwa mtaa mzima unauliza, mtu wa kuchoma vibanda vitupu anatafuta nini. Alifuta miwani kwanza. Akaniambia kuna wanaochoma ili walipwe bima, kuna wanaochoma kuficha walichoiba, na kuna waliokosewa wakashindwa kusema kwa mdomo. Wale wanaochoma kwa kupenda kuona moto tu, alisema, ni wachache mno kuliko watu wanavyodhani, ingawa ndio wanaotajwa kwanza.

"Polisi huuliza moto umeharibu nini," alisema. "Hapa haujaharibu chochote cha maana. Kwa hiyo mimi nauliza umeleta nini."

Nikamwambia umeleta vumbi na kelele. Akacheka, akaendelea na kazi yake.

Baadaye aliniambia jambo jingine lililonipendeza: kwamba kila moto umewashwa upande ambao upepo unausukuma mbali na nyumba za watu. Huyu, alisema, anaujua moto, na hataki kumuumiza mtu.

Nilimsimulia Baba jioni. Alisema mwanamke huyo anajua kazi yake, akaomba maji.

Jumatano, 31 Julai

Joto. Feni imekufa. Bi Majivu amebaki chumbani hivyo hivyo.

Jumapili, 4 Agosti

Leo limeungua banda la mabati karibu na soko.

Ndani ya lile banda alikuwa akilala Chupa, yule mwokota chupa ambaye kila mtu humwita hivyo na hakuna anayejua jina lake. Hakuwamo. Alikuwa sokoni, na mfukoni alikuwa na kiberiti, kama alivyo nacho kila mvuta sigara wa mji huu. Vijana wakamkamata. Simu niliyopokea haikuwa ya moto. Mtu alikuwa akisema njooni, wanaua mtu.

Zamu ya Pili walipofika, Baba alikuwa amemlalia Chupa kwa mwili wake, anapigwa yeye. Domo alisema hajawahi kumsikia Mzee Bomba akipiga kelele namna ile. Polisi wakamchukua Chupa mkono ukining'inia. Badala ya hospitali wakampeleka mahabusu.

Baba amerudi shati limelowa damu isiyo yake. Nilitaka kulifua, akanikatalia. Amelichukua akaenda kulifua mwenyewe, na amekaa huko uani muda mrefu kuliko shati moja linavyohitaji.

Jumanne, 6 Agosti

Mtaa umetulia. Watu wanapeana mikono. Baba amempelekea Chupa chakula kituo cha polisi. Jioni hakuuliza zamu ya nani.

Jumamosi, 10 Agosti

Ameenda tena. Anapeleka uji kwenye chupa ya chai na ndizi mbivu, kwa sababu Chupa hawezi kutumia mkono. Shangazi alipita, akasema kaka yake ana moyo wa dhahabu, na mimi nikaitikia.

Alhamisi, 15 Agosti

Hakuna moto tangu Chupa akamatwe. Kamanda anasema huo ndio ushahidi, akamshauri Bi Majivu arudi kwake akapumzike. Bi Majivu alisema ataondoka akimaliza.

Mchana tulibaki wawili. Akaniuliza, kwa sauti ile ile anayoombea kalamu, kama nimeona kwamba mioto yote imetokea siku za Zamu ya Pili. Nikasema bahati mbaya yao. Akauliza nani nje ya kituo anajua zamu zinavyokwenda, maana tangu Julai zilikuwa zimevurugwa na likizo na hata baadhi ya askari walikuwa wakikosea. Nikasema wengi. Wake zao. Watoto wao. Muuza maandazi wa getini.

Nilijibu haraka mno. Alinitazama kidogo, akainamia karatasi zake.

Ijumaa, 16 Agosti

Zamu ya Pili ilikuwa zamu ya Baba. Aliiongoza mpaka siku ya blanketi.

Nimeyaandika maneno hayo na nyumba haijaanguka, basi niendelee. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia. Kila jioni, mezani, nikimpakulia. Kesho ni ya Kwanza, Baba. Kesho ni ya Pili. Nilidhani anauliza ili tuwe na la kuzungumza.

Tangu asubuhi namtetea kichwani. Alifika wa kwanza kwa sababu ana pua ya kazi. Alimlalia Chupa kwa sababu ni mtu mwema. Na ni mtu mwema kweli, hapo ndipo ninapokwama, kwa sababu nikimtazama tangu ile Jumapili namwona mtu anayepeleka uji kama mtu anayelipa. Kisha najiambia una wazimu, unamshuku mzazi wako kwa maneno ya mwanamke mgeni mwenye chungio.

Nimemtazama akila leo. Amekonda shingo.

Jumanne, 20 Agosti

Sikumuuliza.

Alhamisi, 22 Agosti

Chupa amekiri. Bi Majivu aliingia chumbani akiwa ameuma midomo. Sijawahi kumwona amekasirika. Anasema walimwahidi watamtibu mkono akitia sahihi, akatia, kwa dole gumba. Alipomuuliza aliwashaje, Chupa alisema alirusha kiberiti juu ya paa. Moto ulianzia sakafuni, pembeni, kwenye magunia. Amewaeleza polisi, wakamwambia mwenye moto amepatikana, yeye anatafuta moto gani mwingine. Jumatatu anapandishwa mahakamani.

Nilimweleza Baba. Niliyasema yote taratibu, nikimtazama usoni. Aliweka kijiko chini.

"Atafungwa miaka mingapi?" aliuliza.

Nikasema sijui, mingi. Akaondoka mezani. Huo ulikuwa wakati wa kumuuliza. Midomo yangu ilikuwa wazi kabisa, na kilichotoka ni kumuuliza kama nimfunikie chakula.

Jumamosi, 24 Agosti

Karakana ya mbao imeungua. Naandika niko kwenye benchi la hospitali, nikingoja habari za Domo.

Ilikuwa mchana, karakana imefungwa, mafundi wameshakwenda zao. Moto ulianza kwenye lundo la maranda nje ya ua, kisha upepo ukageuka. Simu zilinijia zote kwa pamoja. Zamu iliyokuwa kazini ilikuwa ya Tatu. Domo alikuwamo kwa sababu tu alimshikia nafasi mwenzake ambaye mkewe amejifungua. Nilimwona dirishani akirukia gari, akanipungia mkono kama kawaida yake.

Waliokuwapo wanasema paa la bohari la mbao lilishuka akiwa chini yake. Kamanda akaamuru hakuna mtu kuingia. Baba akaingia. Bila kofia, bila koti, amejifunga shati lililoloweshwa usoni. Akamtoa Domo kwa kumburuta kwa mshipi. Watu walishangilia, wanasema. Wengine walilia.

Domo ameungua mgongo na mkono wote wa kulia. Muuguzi ametoka sasa hivi kusema amelala na yu hai.

Baba amekaa mwisho wa benchi hili hili. Nyusi zake hazipo. Kila anayepita anamshika bega, na kila anaposhikwa anafumba macho.

Chupa yumo mahabusu. Hakuna anayeweza kusema leo kwamba ni yeye. Nimelielewa jambo hilo ghafla, nikiwa nakunywa maji, nikageuka kumtazama Baba.

Jumapili, 25 Agosti

Nilimuuliza barazani, baada ya chai ambayo hatukuinywa.

Nilikuwa nimepanga maneno ya kuzunguka. Nilipofika nikasema, "Baba, ni wewe."

Alisema ndiyo.

Sikujua kwamba ningetamani abishe. Alikuwa ameikunja mikono mapajani, ile mikono inayojua kufunga kila aina ya fundo, akaanza kusimulia bila mimi kumwomba. Moto wa kwanza, zile nyasi za kinu, haukuwa wake. Alikuwa akipita, akaukuta, akauzima alivyoweza. Vijana walipofika Domo akamtupia mpira wa maji akasema, Mzee, shika hapa. Akashika. Aliniambia usiku ule alilala usingizi mzito, na kwamba tangu astaafu alikuwa hajalala hivyo.

"Nikangoja mwingine," alisema. "Haukuja."

Basi akauleta. Alichagua vitu visivyo na mwenyewe, akapima upepo, akangoja siku ya vijana wake. Alikuwa akijiambia kila mara kwamba huu ni wa mwisho. Banda la soko alilichungulia kwanza, akaona hamna mtu. Hakuona kwamba magunia yale ni kitanda cha mtu.

Nikamuuliza kuhusu karakana.

"Nilitaka Chupa atoke bila mimi kuingia," alisema. "Nilifikiri ukiwaka mwingine yeye akiwa ndani, watamwachia. Nilikuwa na haraka. Sikuutazama upepo."

Aliyenifundisha kuutazama upepo kabla sijajua kusoma. Nilisimama, nikaenda uani, nikarudi. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumfunika na lile blanketi. Nikamwambia kwamba hata mimi nilikuwa najua kwa siku kadhaa, na kama ningefungua mdomo wangu Domo angekuwa anatupigia porojo leo. Akasema hapana, hilo ni lake, nisimchukulie. Nikamwambia hawezi kunichagulia.

Kisha nikasema, "Kesho nikiingia kazini namwambia Bi Majivu. Ukitaka kutangulia, Baba, tangulia."

Akaniuliza kama Kamanda atakuwepo. Nikasema atakuwepo.

"Basi nitatangulia," alisema.

Jumatatu, 26 Agosti

Alivaa shati jeupe na viatu vya kawaida. Buti aliziacha.

Kituoni walimpokea kama bwana harusi. Zamu ya Pili walikuwa wameingia, wakapiga makofi kwa ajili ya Jumamosi, mmoja akamletea kiti, mwingine chai. Baba hakukaa, na chai hakuipokea. Bi Majivu alikuwa amesimama mlangoni kwangu, na nilipomwona alivyoitoa miwani yake taratibu nikajua hakuna nitakachomwambia asichokijua.

Baba alimwomba Kamanda akae kwanza yeye. Kamanda akakaa, akitabasamu, akidhani ni utani wa zamani. Baba akasema, kwa sauti ya kazi, sauti ya kutoa taarifa: kibanda cha mlinzi ni mimi, banda la kuku ni mimi, banda la soko ni mimi, karakana ni mimi. Yule mwokota chupa hana kosa, mpelekeni hospitali.

Yule wa chai alibaki amekishika kikombe. Kamanda aliendelea kutabasamu muda mrefu baada ya tabasamu kuisha maana yake, kisha akaanza kulia akiwa amekaa wima, bila kujificha.

"Kwa nini hukuja tu?" alimuuliza. "Ungekuja ukakaa hapa. Nani angekufukuza?"

Baba alisema hakutaka kuja kukaa.

Simu yangu ikalia. Nikaenda kuipokea kwa sababu ndiyo kazi yangu. Mtu alikuwa ameikosea namba ya mtu anayeuza saruji.

Jumanne, 27 Agosti

Chupa ametibiwa mkono. Utakaa umepinda.

Jumatatu, 9 Septemba

Bi Majivu ameondoka. Aliniambia alianza kumshuku Baba wiki ile ile aliyoniuliza kuhusu zamu, lakini hakuwa na kitu cha kuweka mezani, akaamua kungoja. Tulikaa na jambo hilo, mimi na yeye, watu wawili waliongoja. Nilimuuliza ataandika sababu gani kwenye taarifa yake. Alisema wakubwa wake watataka neno moja, na wana maneno yao tayari. Ataandika kurasa, wakitaka watasoma.

Kuna siku naona aibu kutoka nje. Mke wa askari mmoja wa Zamu ya Pili alivuka kwenda upande wa pili wa barabara aliponiona. Mwingine aliniletea mboga za bustanini kwake, akaondoka bila kukaa. Kamanda hajanihamisha. Nilimwomba anihamishe, akasema nani atakaa na zile simu.

Ijumaa, 20 Septemba

Hakuna moto. Hakuna chochote.

Jumatano, 2 Oktoba

Miaka saba. Hakimu alisema mengi kuhusu dhamana ya umma. Baba alisimama akimsikiliza kama anayepokea amri. Mwenye karakana alitaka mingi zaidi, na simlaumu. Chupa alikuja mahakamani, mkono umefungwa. Alipoulizwa kama ana la kusema, alisema uji ulikuwa mzuri, na kwamba hatamsamehe.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mawingu yamekuja kwa nguvu, na joto limekuwa la kukaba koo.

Domo aliruhusiwa juzi. Leo asubuhi alisimama mlangoni kwangu, bila mzaha, bila salamu ndefu, akasema nimpeleke gerezani. Nilimuuliza kama ana hakika. Akasema hana.

Tulikaa kwenye benchi la wageni, Baba akaletwa. Walitazamana. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa machozi, hata kwa kunyamaza. Domo alikunja tu mkono wa shati, akauweka mkono wake mezani.

Baba akauinamia. Aliutazama kama alivyokuwa akitazama majeraha ya vijana wake miaka yote, karibu sana, akafuata kovu kwa macho kutoka kwenye kiwiko mpaka kucha. Hakuugusa. Akamuuliza kama vidole vinafumba. Domo akajaribu. Vitatu vilifumba. Viwili vya mwisho vilibaki vimesimama, vinatetemeka.

"Kila asubuhi," alisema Baba, "kwenye maji ya vuguvugu. Ukisikia maumivu usiache. Ukiacha ndipo vinapokauka."

"Najua," alisema Domo. "Wewe ndiye uliyetufundisha."

Askari akasema muda umeisha. Baba alisimama akasindikizwa. Mlangoni aligeuka kumtazama Domo, si mimi, na sikuona wivu.

Nje matone ya kwanza yalikuwa yanaanguka, mazito, yanachimba vumbi. Watu walikimbilia kwenye vibaraza. Domo hakukimbia, kwa sababu mgongo haumruhusu, na mimi nikatembea kwa mwendo wake. Tulilowa chapachapa. Mtu ambaye sijawahi kumsikia akinyamaza alinyamaza mpaka tulipofika njia panda.

"Sitakuja tena," alisema.

Nikasema sawa.

Tukavuka barabara. Maji yalikuwa yameanza kukimbia mitaroni, yakibeba takataka za kiangazi kizima.

"Au nitakuja," alisema. "Sijui. Usiniulize."

Sikumuuliza.